Bugala au Bunyonyi: ziwa lipi kwa wawili wenye tanga na baiskeli

Kila Julai ikielekea ukingoni, nyumbani kwetu Kampala huanza mazungumzo yaleyale. Mume wangu ni mtu wa Lamu, amekulia madauni. Mimi ni mzaliwa wa Busia, na baba yangu alitusomesha kwa baiskeli: alikuwa akivusha abiria mpakani kati ya Uganda na Kenya, zama zile boda boda maana yake baiskeli yenye mto wa sponji kwenye keria, kabla pikipiki hazijalirithi jina hilo. Kwa hiyo shule zikifungwa na watoto wakienda kwa nyanya yao, siku zetu nne au tano za kuwa wawili lazima ziwe na maji ya kumtosha yeye na njia ya kunitosha mimi.

Tumezunguka sehemu nyingi, na kila mara tunarudi kwenye mbili. Ya kwanza ni kisiwa cha Bugala, kikubwa kuliko vyote katika visiwa 84 vya Ssese, ndani ya ziwa Nalubaale, ambalo ramani nyingi huliita Victoria. Ya pili ni ziwa Bunyonyi kule Kigezi, karibu na Kabale na mpaka wa Rwanda. Tumekwenda Bugala mara mbili, Bunyonyi mara tatu, na marafiki wanaopanga kwenda hutuuliza wachague lipi.

Nawajibu hivi. Bugala ina barabara ya raha, na maji ya kumwachia mwenye kuyajua. Bunyonyi ina maji ambayo wawili mnaweza kujiendesha wenyewe tangu siku ya kwanza, na barabara itakayowatoa jasho mpaka mshuke na kuzikokota baiskeli. Kwa hiyo jiulizeni kwanza ni wapi mnataka kutulia na ni wapi mko tayari kuhangaika. Wakiwa hawajakubaliana hilo, wawili wanaweza kusafiri siku nzima na kufika mahali ambapo mmoja anafurahi na mwenzake anahesabu siku za kurudi.

Mwisho wa kiangazi

Kiangazi chetu cha katikati ya mwaka huanza Juni na kwisha Agosti. Wiki mbili za mwisho za Agosti ndizo tunazozipenda: vumbi limezidi lakini wageni wamepungua, na mvua za Septemba zinaanza kunukia tu. Kigezi mvua huwahi kidogo, kwa hiyo mkienda Bunyonyi tarehe za mwisho kabisa, chukueni koti la mvua hata kama Kampala jua linaunguza.

Baridi ni jambo jingine. Nalubaale liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, Bunyonyi liko karibu mita 1,960. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita 800 mtaijua saa mbili usiku. Bugala tulilala na shuka moja, madirisha wazi nyuma ya wavu wa mbu. Bunyonyi mume wangu, aliyezaliwa kwenye joto la pwani, alilala na sweta, soksi na blanketi mbili, na asubuhi ukungu ulikuwa umelifunika ziwa lote ila vichwa vya visiwa. Mimi naupenda ukungu ule kuliko kitu chochote huko. Unakaa mpaka saa tatu hivi, halafu unanyanyuka polepole na visiwa vinajitokeza kimoja kimoja, na sauti za ndege mnazisikia kabla ya kuwaona. Watu wa huko husema jina Bunyonyi lina maana ya mahali pa ndege wengi wadogo, na asubuhi kama hiyo hamhitaji kuelezwa zaidi.

Kufika na baiskeli

Kwa Bugala kuna njia mbili. Meli ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo, pale Entebbe, saa nane mchana, na kufika Lutoboka, bandari ya Bugala, baada ya saa tatu na nusu hivi. Asubuhi yake hurudi saa mbili. Baiskeli zinapanda bila taabu. Pigeni simu kwanza kuhakikisha iko kazini, maana kuna vipindi hupelekwa matengenezoni. Njia ya pili ni kwa barabara hadi Masaka, kisha kilomita 40 hivi hadi Bukakata, ambako kivuko huwavusha hadi Luku, upande wa magharibi wa kisiwa. Kivuko hicho hakitozi nauli, hata kwa gari.

Mimi nachagua Bukakata. Sababu yangu ni baiskeli: mkishuka Luku mnapanda hapohapo na kuanza safari, na Kalangala mjini mnaingia jioni kwa miguu yenu wenyewe. Yeye anachagua meli, kwa sababu anataka kukaa juu ya maji kadiri inavyowezekana. Mara ya kwanza tulikwenda kwa meli na kurudi kwa kivuko, na hilo nalipendekeza kwa yeyote.

Bunyonyi ni mbali. Kampala hadi Kabale ni zaidi ya kilomita 400, na basi likiondoka alfajiri mnafika alasiri. Mnavuka ikweta pale Kayabwe, mnapita Masaka na Mbarara, kisha vilima vinaanza kubanana. Baiskeli hulazwa kwenye buti la basi, na hapo ndipo mnapaswa kuwa macho. Safari moja tulimwachia kijana wa mizigo azipange, na magunia ya watu yakawekwa juu yake. Nilishuka Kabale nikakuta gurudumu la nyuma limepinda na spoki tatu zimekatika. Tangu siku hiyo tunafungua magurudumu ya mbele wenyewe, tunageuza usukani ulale sambamba na fremu, tunazifunga baiskeli pamoja kwa vipande vya tyubu kuukuu, tunaingiza kadibodi kati yake, na mmoja wetu hasogei mlangoni mwa buti mpaka lifungwe. Kabale mafundi baiskeli ni wengi na wana mikono mizuri. Yangu ilinyooshwa kwa saa moja, kwa jicho na ufunguo wa spoki tu.

Majini

Hapa ndipo maziwa haya mawili yanapoachana kabisa.

Nalubaale ni bahari kwa watu wa bara. Ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 68,800, na ukisimama Lutoboka ukatazama kati ya visiwa, kuna upande ambao hauoni nchi kavu. Kati ya Juni na Agosti hupuliza upepo wa kusini mashariki, na mume wangu alipouhisi shavuni siku ya kwanza alisema, "Mama Rehema, huu ni kusi huu, umepanda mlima tu." Hakukosea sana: kusi ni upepo wa kusini wa kwao pwani. Juu ya upepo huo mkubwa kuna mwingine wa kila siku: usiku nchi kavu inapopoa upepo hutoka bara kwenda ziwani, na mchana jua likishaichoma nchi, upepo hugeuka ukatoka ziwani kwenda bara. Wavuvi waliokuwa wakitumia tanga waliishi kwa ratiba hiyo, na wako wanaoishi nayo hadi leo.

Mtumbwi wa huko si gogo lililochongwa. Ni wa mbao, una mkuku, ule uti wa mbao chini ya chombo, umejengwa kwa jinsi inayobeba jina la visiwa hivyo. Zamani mbao zake zilishonwa kwa kamba, na mitumbwi ya Wasese ndiyo iliyokuwa nguvu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, majini katika karne ya 19. Siku hizi mingi inasukumwa kwa injini. Ya tanga inapatikana kwa kuulizia kwenye mialo, vituo vya mitumbwi kando ya ziwa, kwa wavuvi wenyewe, na mkubali kwamba mwenye chombo ndiye nahodha.

Wetu alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, Kiswahili chake alikipata kwa kuvua miaka mingi na watu wa Musoma. Tanga lake lilikuwa maturubai mawili ya bluu yaliyoshonwa kwa uzi wa nyavu, mshono mnene kama kovu, na foromali yake, boriti ya kubeba tanga, ni mti wa msituni ambao haukumenywa gome lote. Mume wangu alikaa akilitazama tanga lile kwa muda. Akaomba ashike demani, kamba ya kuliongoza tanga. Mzee akampa, akamtazama mikono, akasogea kidogo kwenye tezi, nyuma ya chombo, na kuanzia hapo wakawa wanazungumza lugha yao: legeza, vuta, pisha. Upepo ulipotujia omo, yaani kwa mbele, walipiga bisho, kwenda mshazari huku na huku, mara sita kuurudia mwalo, kila mgeuzo foromali ikipita juu ya vichwa vyetu na mimi nikifua maji ya ngama, yaliyojaa chini chomboni, kwa kopo la rangi lililokatwa nusu. Tulikaa majini muda wa saa tano nzima, na sijawahi kumwona ametulia hivyo tangu tuhamie Kampala.

Lakini niseme wazi: bila mzee yule tusingetoka. Alituamsha alfajiri tutazame mawingu, kwa kuwa mvua kubwa za Ssese hupenda kuja usiku wa manane na mapambazuko, na akatukataza kuondoka mpaka saa nne, weusi ulipoisha upande wa mashariki. Ziwa hili linaua. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama karibu na ufuo wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa, wengi wao vijana waliotoka kujiburudisha Jumamosi jioni. Miezi miwili kabla yake, upande wa Tanzania, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na watu zaidi ya 200 wakapotea. Wote hao walikuwa karibu sana na nchi kavu. Kwa hiyo jaketi la kuokolea ni la kuvaa na kufunga tangu mchangani, na mlijaribu kabla: nyumba moja ya wageni Bugala ilituletea majaketi mazuri kwa macho, na manne kati ya matano zipu zake zilikuwa zimekufa. Tulinunua yetu Kampala, na sasa yanasafiri nasi kila mahali.

Bunyonyi ni jambo jingine kabisa. Ni ziwa jembamba lenye mikono mingi, urefu wake kilomita 25 hivi, limejaa bonde ambalo zamani lilikuwa la mto mpaka mtiririko wa volkano ulipoliziba. Ndani yake mna visiwa 29. Vilima vimelizunguka pande zote, vimekatwa matuta hadi kileleni, kila tuta na rangi yake: maharage, viazi, mtama. Kwa tanga halifai sana. Upepo huingia kwa bonde hili, mkizunguka rasi moja unapotea, mkizunguka ya pili unawapiga usoni. Mume wangu alijaribu siku moja kusimamisha kitambaa kwenye mti wa upondo, na baada ya nusu saa alikishusha mwenyewe.

Chombo cha Bunyonyi ni mtumbwi wa gogo la mkaratusi, na kafi. Maji ni tuli kiasi kwamba asubuhi mnaona kilima chote kimelala chini yenu kichwa chini. Halina mamba wala viboko. Mnaweza kukodi mtumbwi pale Rutinda, ukingoni mwa ziwa, mkaenda wawili peke yenu bila mtu wa tatu, na hilo Bugala sitawashauri kamwe.

Tatizo la mtumbwi huo ni kwamba hauna mkuku. Mgeni akianza kupiga kafi unazunguka kama pia, na wapenzi wengi niliowaona pale Rutinda dakika kumi za kwanza ni za kulaumiana: wewe ndiye unayevuta sana, wewe ndiye hupigi. Nasi tulizunguka. Aliyetufundisha ni msichana wa shule aliyekuwa akivuka na wadogo zake. Alikuja ubavuni mwetu, akatuambia mtu wa mbele asijaribu kuelekeza, kazi yake ni kuvuta kwa mwendo mmoja usiobadilika. Mtu wa nyuma apige upande mmoja tu, na kafi ikifika usawa wa nyonga, kabla hajaitoa majini, aibinue ubapa wake kwa nje, kama anayefungua mlango kwa mkono wa nyuma. Msukumo huo mdogo wa mwisho ndio unaorudisha omo kwenye mstari. Nilikuwa mbele, mume wangu nyuma. Baada ya saa moja nilianza kuusikia mwili wake kwa mtikisiko wa gogo, nikajua anapochoka bila kugeuka, naye akajua napotaka kupumzika bila mimi kusema. Tumeoana miaka kumi na saba. Sijui mahali pengine ambapo tungelipata jambo hilo kwa siku moja.

Mkishaweza kwenda sawa, visiwa vyote ni vyenu. Bwama, kikubwa, ndicho ambacho daktari Leonard Sharp alianzisha makazi ya wagonjwa wa ukoma mwaka 1931. Leo kuna shule, na watoto huzifikia kwa mtumbwi. Akampene ni kidogo sana, majani na mti mmoja au miwili. Wakiga wa zamani, wenyeji wa Kigezi, waliwaacha hapo wasichana waliopata mimba kabla ya kuolewa, wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea, isipokuwa ajitokeze mwanamume asiye na ng'ombe wa mahari akawachukua. Waongoza wageni wengine husimulia hadithi hii kwa haraka na kucheka kidogo mwishoni. Nawaomba mkifika hapo mnyamaze. Tulikaa kimya pembeni yake kwa muda, makafi yamelala magotini, na niliwafikiria binti zangu.

Njiani

Bugala ni kisiwa cha baiskeli. Barabara kuu, kutoka Luku kupitia Kalangala hadi Mulabana, ni kilomita 66, na miinuko yake ni ya kupanda bila kushuka kwenye kiti, isipokuwa ule mfupi wa kutoka ghuba ya Lutoboka kwenda mjini juu, ambao utawapima. Magari ni machache. Mnapita msitu, mnatoka kwenye majani mafupi ambapo ziwa linaonekana pande mbili, mnaingia tena kivulini. Tumbili wanavuka mbele yenu. Tuliendesha sambamba, mkono wake ukinifikia begani kila alipotaka kunionyesha kitu, na kuna kilomita nyingi Uganda ambako huwezi kuendesha hivyo ukabaki salama.

Kuna sehemu ndefu ya michikichi. Mashamba ya mawese yalianza kupandwa Bugala katika miaka ya 2000, na msitu mkubwa ulikatwa kuyapisha. Mistari yake imenyooka mno, chini hakuna ndege, na mchana harufu ya matunda yaliyoiva inakaa hewani tamu na nzito. Malori ya kubeba mashada hupita kwa kasi na kuacha wingu jekundu. Watu wa kisiwani niliozungumza nao wamegawanyika: wapo waliojenga nyumba za matofali kwa chikichi, na wapo wanaoukumbuka msitu kwa majina ya miti. Mimi ni mpita njia, lakini nilihuzunika. Fungeni leso puani na mpite sehemu hiyo mapema, kabla ya saa nne.

Visiwa hivi viliwahi kubaki bila watu kabisa. Malale, ugonjwa wa usingizi, yaliua zaidi ya watu 200,000 Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, na karibu mwaka 1909 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wasese wote kwenda bara. Waliruhusiwa kurudi baada ya miaka kumi hivi. Bado wanamheshimu Mukasa, mungu wa ziwa wa Waganda, ambaye hekalu lake lilikuwa Bubembe, kisiwa jirani. Nahodha wetu alipolitaja jina hilo alipunguza sauti, nasi tukapunguza zetu.

Bunyonyi sasa. Kutoka Kabale hadi Rutinda ni kilomita 8 au 9 tu, na kwa baiskeli yenye mizigo ni kazi ya saa moja na zaidi, kwa sababu mnapanda mgongo wa kilima chote kisha mnamwagika upande wa pili. Mteremko ule una kona kali. Kagueni breki mjini, kabla ya kupanda. Nilimwona mwanamume akishuka na magunia mawili ya viazi kwenye baiskeli ya mbao isiyo na pedeli, mguu mmoja ukikanyaga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma kama breki, na alinipita.

Njia za kuzunguka ziwa zipo, nyembamba, zinapanda na kushuka kila mkono wa ziwa. Ni nzuri kupita maelezo, lakini si za kutembea sambamba mkizungumza. Mnaendesha mmoja nyuma ya mwenzake, pumzi zimekata, na watoto wanakimbia pembeni wakiita "Agandi!" Mjibu "Ni marungi" hata kama hamna pumzi. Mwenye gia nzuri na miguu ya mlima ataona amefika peponi. Mwenye baiskeli nzito ya gia moja, ile ya chuma tuliyoizoea sote, akodi mtumbwi, aifunge baiskeli katikati, avuke ziwa na kuendesha vipande vya tambarare tu. Tulifanya hivyo mara ya pili na ndipo nikaanza kuzipenda njia za Bunyonyi. Au mfuate barabara ya lami ya Kabale kwenda Kisoro, inayopita Muko, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa: mlima ni uleule, lakini gurudumu haliruki.

Kuogelea, kula, kulala

Nalubaale lina kichocho, hasa kwenye kingo zenye majani na karibu na mialo. Lina pia mamba na viboko katika baadhi ya ghuba. Mume wangu anaogelea kutoka chomboni, kwenye maji marefu, na tukirudi tunangoja wiki sita hadi nane kisha tunakwenda kupimwa na kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho. Bunyonyi linasifika kwa kutokuwa na kichocho, na wenyeji huogelea. Maji yake ni baridi. Linapata kina ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni, kwa hiyo asiyejua kuogelea asivue jaketi hata akiwa anashika majani.

Chakula: Bugala ni sangara na sato waliotoka majini asubuhi hiyo, wa kukaanga au kuchoma. Bunyonyi wana kamba wadogo wa maji baridi walioletwa ziwani kutoka nje, wanapikwa na viazi vya Kigezi, na bushera ya mtama ya kunywa mkitoka mlimani. Mimi napiga kura kwa Bunyonyi. Malazi yapo ya kila mfuko pande zote mbili. Mahema ni mazuri zaidi Bunyonyi, kwenye visiwa vidogo, kwa kuwa wadudu ni wachache. Bugala jioni nyingine wadudu wa ziwa hupanda kutoka majini kama nguzo za moshi, na upepo ukiwaleta kwenu, taa zote zizimwe.

Basi mwende wapi?

Kama mmoja wenu anajua tanga au ana hamu ya kulijua, na mwingine anataka kuendesha baiskeli bila kuteseka, nendeni Bugala. Mpange siku nne, mbili za maji na mbili za barabara, na siku ya maji muiache ielee: hali ya hewa ndiyo itakayochagua. Msiende kama mmoja anaogopa maji makubwa. Hofu hiyo haiondoki kwa kubembelezwa, na mtumbwi wenye mtu anayetetemeka unamhangaisha nahodha.

Kama hamjawahi kushika kafi, kama mna miaka mingi ya kazi na watoto katikati yenu na mnataka kusikilizana tena, nendeni Bunyonyi, hata kama baiskeli mtazikokota nusu ya njia. Mpange siku tano, kwa kuwa mbili zinamezwa na basi. Mkifika Jumapili mtaamka na gulio la Rutinda Jumatatu, mitumbwi ikija kutoka kila mkono wa ziwa imejaa kabichi, ndizi na mbuzi.

Wenye siku mbili tu wasijilazimishe kote huko. Kaazi, kusini mwa Kampala, kuna klabu ya mashua za tanga, Victoria Nyanza Sailing Club, na mkiulizia mapema mnaweza kupata wa kutoka naye. Au mwende Jinja, ambako mitaa ni mipana na tambarare, yenye majumba ya zamani ya Wahindi, na mnaweza kuendesha asubuhi nzima kisha mkavuka kwa mtumbwi pale Nile inapoliacha ziwa.

Sisi mwaka huu ni zamu ya Bunyonyi. Yeye alitaka Bugala, na mzee wa maturubai ya bluu amemtumia salamu kupitia mvuvi mwenzake. Nimemwambia, "Baba Rehema, nahodha atangoja mpaka Januari, lakini mimi ile njia ya Muko naitaka nikiwa bado na magoti." Jana jioni nilimkuta uani amekaa na kafi mpya aliyoichonga mwenyewe kwa mti wa mvule, nyembamba kuliko za Rutinda, akiipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa. Akanipa niipime urefu. Imenifika kidevuni.